Kibano cha Pasi

Kipande cha mbao kilipomchapa vidoleni, Pasi alitoa tusi ambalo mumewe, kwa miaka yote ya ndoa yao, hakujua kama mkewe analijua. Mume alikuwa uani akisuuza brashi zake, maana kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu. Aliziacha brashi majini akakimbilia stoo. Alimkuta Pasi ameukumbatia mkono wa kushoto kifuani, damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na ile mashine ya kutobolea bado inanguruma. Keekee, kile chuma chake cha kutobolea, ilikuwa imenasa kwenye kile kipande cha mbao, na sasa ilikuwa inazunguka nacho kama pangaboi, kinagonga nguzo ya mashine, ta, ta, ta.

"Zima basi!" mume alisema.

"Zima wewe! Umeona nina mkono wa tatu?"

Mume akachomoa waya ukutani. Kimya kikaingia. Akaushika mkono wa mkewe, akautazama kwa karibu. Ngozi ilikuwa imechanika juu ya vifundo viwili, na kidole cha kati kilikuwa kinaumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Mama," alianza kwa upole, "mimi nilishawahi kusema kwamba hii mashine..."

"Malizia hiyo uone."

Hakuimalizia. Alikuwa mtu wa amani, na amani ya nyumba ile alikuwa ameijenga kwa sentensi nyingi za aina hiyo, zilizoachwa katikati. Akaenda kutafuta bandeji.

Jina la Pasi alibandikwa na wenzake wakati bado anajifunza ushonaji, na lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ilikuwa sifa: nguo ikitoka mikononi mwake haikuwa na kunyanzi hata la dawa. Ya pili hakuna aliyemwambia usoni, lakini aliijua: ukimgusa vibaya unaungua. Jina hakulikataa. Alishonea sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba kilichojaa kola na mifuko iliyokatwa tayari, imefungwa mafungu mafungu kwa vipande vya kitambaa. Watoto walikulia chini ya meza ile ya kukatia, wakachomwa na pini zake, wakasoma, wakaondoka kila mmoja na maisha yake. Nyumba ikapwaya. Ndipo aliposikia kuna fundi redio anafunga duka na anaondoa vitu vyake, akaenda kutazama pasi ya kulehemu kwa ajili ya mwanawe, akarudi na mashine ndogo ya kutobolea mbao ameipakata kama mtoto mchanga.

Alikuwa anatengeneza magari. Malori, mabasi, matrekta ya mbao, ya ukubwa wa kiatu, kwa wajukuu na kwa watoto wa majirani na kwa yeyote aliyepita na mtoto mgongoni. Hakuuza hata moja. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, alikuwa anakujibu, "Nimeshona kaptula za watu tangu usichana. Hii ni yangu." Na shida ya magari ni magurudumu. Gurudumu ni kipande kidogo, cha duara, kinateleza, na lazima kitobolewe katikati kabisa, la sivyo gari linatembea linachechemea. Mashine ilikuwa imekuja bila jiriwa, kile kibano cha chuma cha kushikilia mbao wakati wa kutoboa. Fundi redio alikuwa amekipoteza zamani. Kwa hiyo Pasi alikuwa anashika kwa vidole.

Siku ile damu ilipokauka, alichokifikiria ni jiriwa. Alijua ziko wapi. Ziko tatu. Na kila alipozifikiria, moyo ulimchemka upya.

Pasi alikuwa mtoto wa seremala. Alizaliwa akapata gundi ya mbao inanuka nyumbani kabla hajajua harufu ya sabuni. Banda la baba yake lilikuwa mbele ya nyumba, na yeye ndiye aliyelifagia, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Maranda yote ya utoto wake yalipita kwenye ufagio wake. Lakini siku aliyoshika randa, na kuisukuma juu ya ubao mara moja tu, ukatoka utepe mmoja wa mbao, mrefu, mwembamba, uliojikunja vizuri, baba alimtoa chombo mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Weka chini. Hiyo ni ya kaka yako." Kaka mwenyewe wakati huo alikuwa nje anarusha mawe. Baadaye kaka akafundishwa, akapigwa makofi na kufundishwa tena, akaachiwa banda, na meza ya kazi, na misumeno, na jiriwa tatu. Pasi akapelekwa kwa fundi cherehani. Alilelewa vizuri, hakunyimwa chakula wala nguo. Lakini kuna vitu mtu hanyimwi kwa fimbo, ananyimwa kwa mzaha, na hivyo ndivyo vinavyouma miaka mingi.

Kesho yake, mkono ukiwa umefungwa, alikwenda bandani kwa kaka yake. Mzee, baba yao, alikuwa ameketi kwenye benchi lake la kila siku mlangoni, macho yameingiwa na ukungu, masikio yamechoka. Alikuwa anakaa na kaka. Pasi alimwamkia kwa kumpigia kelele sikioni, mzee akaitikia, kisha Pasi akaingia ndani.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Mkono una nini?"

"Umechapwa na mbao. Nimekuja kukuomba ile jiriwa ndogo. Ile ya baba, ya taya fupi. Wewe huitumii."

Kaka alikuwa anapima kizingiti. Aliweka penseli sikioni, akatabasamu, akaonyesha kwa kidevu. Jiriwa ndogo ilikuwa chini, sakafuni, imeegemezwa kwenye mlango wa nyuma.

"Ile inazuia mlango. Upepo huku unapiga sana."

Pasi alidhani ni utani. Alingoja kidogo ili kaka acheke. Kaka hakucheka, alirudi kwenye kizingiti chake.

"Weka jiwe," Pasi akasema.

"Jiwe linasogea. Halafu dada, vile vigari vyako, kwani si unaweza kushika tu kwa koleo? Vyombo vya kazi si vya mchezo. Usije ukapoteza kidole bure, shemeji akanilaumu mimi."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini hilo lilikuwa limechaguliwa kwa sauti ya mapenzi kabisa. Pasi alitoka bila kuaga. Barabarani alitembea kwa kasi hadi wanawake wawili wenye ndoo wakampisha njia.

Akaapa kutengeneza cha kwake, na hakuwa na haja ya chuma cha mtu. Alianza kwa ubao mnene wa chini, akautoboa pembeni ili aufunge kwa bolti kwenye meza ya mashine. Juu yake akagundishia kipande kisichosogea, amekikata pengo la pembe katikati ili gurudumu likae humo lisibingirike. Mbele ya hicho akaweka taya la pili, linaloteleza kwenda mbele na kurudi nyuma kati ya vipande viwili vya kuliongoza. Hadi hapo mambo yalikwenda. Tatizo lilikuwa kitu cha kulisukuma lile taya na kulikaza. Alijaribu bolti ndefu na nati, ikabana vizuri, lakini kila gurudumu lilidai kuzungusha spana hadi mkono wenye kidonda ukampigia kelele. Alijaribu kabari ya mbao na nyundo. Kabari ikabana, na nyundo ikahamisha gurudumu kutoka mahali pake. Alijaribu mpira wa tairi la baiskeli. Tusizungumzie habari za mpira.

Jibu lilimjia akiwa chumba cha mbele, akiwa na hasira za mteja aliyerudisha sare akidai ameshonewa ndefu mno. Alikuwa anaweka kitambaa chini ya sindano. Akapeleka mkono nyuma ya kichwa cha cherehani, akateremsha kile kimpini kidogo, mguu wa chuma ukashuka ukabana kitambaa. Akakipandisha, ukaachia. Akakiteremsha tena. Mteja alikuwa bado anaongea. Pasi aliinamisha kichwa akachungulia kwa nyuma. Miaka yote ile alikuwa ameshika kimpini kile mara zisizohesabika na hajawahi kukiuliza kinafanyaje kazi. Ni kiduara tu. Kiduara chenye tundu, na tundu lenyewe haliko katikati. Ukikizungusha, upande mnene unakuja mbele unasukuma. Ukikirudisha, upande mwembamba unaachia.

"Mama, unanisikia?" mteja aliuliza.

"Nitakufupishia bure," Pasi akasema. "Nenda."

Kujua ni kitu kimoja na kutengeneza ni kingine. Kiduara cha kwanza, cha mbao na mpini wake, alikitoboa mbali mno na kitovu. Kilisukuma kwa nguvu kweli, lakini mashine ilipoanza kutetemeka, mpini ulirudi wenyewe taratibu na gurudumu likaruka likampiga mume kisigino, naye alikuwa amekuja tu kuleta chai. Cha pili alikitoboa karibu mno na katikati, hakikufika popote. Cha tatu kilibana vizuri ajabu, kisha kikapasuka kufuata nyuzi za mbao na mpini ukabaki mkononi. Alivitupa vyote ukutani, kimoja kimoja, na kila kimoja alikitupa na jina la mtu. Mume, aliyekuwa sasa ananywea chai yake mlangoni kwa tahadhari, aliyasikia majina hayo na hakutajwa, akamshukuru Mungu.

Cha nne alikitengeneza kwa mti mgumu, tabaka mbili zilizogundishwa kwa kupishana nyuzi, ili moja ikitaka kupasuka nyingine iikatalie. Tundu lilikaa kando kidogo tu ya kitovu. Kwenye midomo ya taya alibandika mpira aliokata kwenye soli ya kandambili. Akaweka gurudumu, akavuta mpini. Tok. Akalitikisa. Akalivuta kwa koleo. Akawasha mashine akatoboa, tundu likatoka katikati kama jicho. Akarudisha mpini, gurudumu likalegea mkononi mwake. Akaweka jingine. Alitoboa hadi magurudumu yakajaa kwenye beseni la nguo, ingawa hakuwa na magari ya kuyaweka.

Kosa alilofanya ni kukipeleka kwa baba.

Mwenyewe hakuweza kueleza vizuri kwa nini. Alikwenda na hasira, amekifunga kibano kwenye kitambaa cha sare, akiwa amepanga maneno njiani. Lakini kaka ndiye aliyempokea mlangoni. Alifungua kitambaa, akakigeuza kibano huku na huku. Akavuta mpini. Tok. Akaurudisha. Pasi aliona jinsi macho yake yanavyotembea kutoka tundu hadi kiduara hadi taya. Kaka alikipeleka kwa mzee pale kwenye benchi, akamwekea mapajani. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja mlango wake alisogea kutazama.

"Nini hiki?" mzee aliuliza.

"Kibano, baba," kaka alisema karibu na sikio. "Cha mashine ya kutobolea."

Vidole vya mzee vikaanza kutembea. Vilipita kwenye ubao wa chini, vikaingia kwenye lile pengo la pembe, vikalisukuma taya, vikaufikia mpini. Akauvuta. Akaingiza kidole gumba kati ya midomo akakibana kidogo, akaachia. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Kinajikaza chenyewe," alisema. "Hakuna skrubu! Umefikiri, mwanangu. Sasa umefikiri kama fundi. Nilikuwa nasema nitakufa kabla sijaona siku hii." Na mkono wake ukapapasa hewani, ukamtafuta kaka, ukampata begani.

Kaka alicheka kidogo. Kicheko kifupi, cha mtu aliyesifiwa mbele ya mteja. Kisha akarudi kwenye meza yake, akashika randa.

Pasi alingoja. Randa ikaenda, ikarudi.

"Kaka. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Nani amekitengeneza."

"Aah, dada. Mzee amefurahi. Unataka tumharibie furaha kwa jambo dogo?"

Hapo ndipo pasi ilipomwagika makaa.

"Dogo? Dogo! Nimefagia banda hili tangu sina meno ya mbele! Nikishika randa, weka chini, ya kaka yako. Nikiomba chombo, kinazuia mlango. Nimekaa kwangu, nimechanika vidole vyangu, nimetengeneza changu kwa akili yangu, na hicho nacho umekichukua! Unataka nini tena? Nikuletee na hivi vidole uzuilie dirisha?"

Mteja alisogea nyuma hadi akagusa ukuta. Ng'ambo ya barabara fundi baiskeli alinyanyua kichwa. Mzee alikuwa anageuza uso huku na huku akitafuta kelele zinatoka wapi.

"Nani anagombana?" aliuliza. "Ni huyu mwanamke? Mpeni maji. Joto la leo baya."

Pasi alipiga magoti mbele ya benchi, akaweka mdomo kwenye sikio la baba yake. "Baba! Nimekitengeneza mimi!"

Mzee akampapasa kichwani kwa upendo. "Ndiyo, mama. Umekileta wewe. Ahsante kwa kukileta."

Pasi alikichukua kibano mapajani mwa mzee, akaondoka nacho bila kitambaa.

Siku zilizofuata cherehani ilikiona cha moto. Alishona mfuko wa kaptula akaufunga na juu, akafumua, akaufunga tena. Mumewe, kwa nia njema, alimwambia, "Unaonaje nikiandike jina lako? Nina rangi nyekundu ya mafuta. Herufi kubwa."

"Baba haoni."

"Ah. Kweli."

"Na hasikii."

"Anasikia kidogo."

"Anasikia anachotaka!"

Mume akaenda kupaka rangi uzio ambao haukuhitaji kupakwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Pasi aliyeshona nguo maisha yake yote aliuona ukweli huo kila alipofunga macho. Kilichomuumiza kuliko kaka ni ule uso wa mzee uliofunguka. Hajawahi kuuona uso ule. Ulifunguka kwa ajili ya kazi yake, na alikuwa amesimama hatua chache tu kando, na haukugeukia kwake.

Kisha akaja wifi yake, mke wa kaka, na mkoba mtupu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akapangusa jasho.

"Wifi, mimi mjumbe tu. Mjumbe hauawi."

"Sema."

"Anaomba kile kitu. Kwa siku moja, akitazame."

"Akitazame kwa nini? Si alikitengeneza yeye?"

Wifi akaangalia mlangoni kama mumewe anaweza kuwa amemfuata, kisha akaanza kucheka kwa kujizuia, mabega yakimtikisika. "Tangu juzi anatengeneza. Baba anamwambia, hebu nitengenezee kingine nikishike, naye anajifungia nyuma. Anatoboa, kinapasuka. Anatoboa, kinalegea. Wifi yangu, banda limekuwa kiwanda cha kuni. Mimi sijanunua kuni wiki hii."

Pasi naye alicheka, hakuweza kujizuia. Lakini kilikuwa kicheko chenye meno. "Mwambie aje mwenyewe."

Alikuja. Alisimama kati ya sare zilizotundikwa, mtu mkubwa mwenye maranda kwenye nywele, hajui mikono yake aiweke wapi. Pasi hakusimamisha cherehani. Alimwacha aongee juu ya mlio wake.

"Dada, kuhusu kile kibano..."

"Kipi? Kile chako?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyieje? Nikupe maji?"

Pasi alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akaanza mwingine. Kaka alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Unajua lini mzee amenisifu? Kabla ya siku ile?"

"Lini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Mimi sikumbuki. Kila mlango niliotengeneza ameupapasa akatafuta kosa, na kosa akalipata. Watu wakaja, wakafurahi, wakachukua, yeye anatikisa kichwa. Siku ile akanishika bega. Mbele ya mteja. Nikashindwa kuirudisha, dada. Ningeirudishaje?"

Cherehani ikasimama. Pasi alikuwa hajawahi kulifikiria hilo, na alipolifikiria, hasira haikushuka. Ilipanda. Maana sasa alimwelewa kaka yake, na kumwelewa mtu aliyekuibia ni mzigo mwingine juu ya ule wa kuibiwa.

"Kwa hiyo sifa yako ya kwanza maishani," alisema, "ilikuwa yangu."

"Ndiyo."

"Nitakuonyesha tundu linakaa wapi. Lakini kwanza tunakwenda kwa baba, unamwambia. Kwa mdomo wako. Na sisi sote tuwepo."

Walikwenda hivyo hivyo, kaka mbele kama mtu anayepelekwa kituoni, Pasi nyuma na kibano kwapani. Mzee alikuwa kwenye benchi lake. Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama asipitwe.

Kaka akainama. "Baba, kile kibano ni cha dada."

"Eeh?"

"Kibano. Amekitengeneza dada."

"Sema kwa nguvu, unanong'ona kama mwizi!"

Kaka akanyooka. Akatazama barabarani, akatazama paa, akavuta pumzi. "KIBANO AMEKITENGENEZA DADA! MIMI SIKUTENGENEZA! MIMI NILIDANGANYA!"

Ng'ambo ya barabara fundi baiskeli aliacha kupuliza tairi. "Tumesikia!" akaitikia.

Mzee akanyoosha mikono yote miwili. "Kilete."

Pasi akamwekea mapajani. Vidole vikatembea tena, safari hii polepole zaidi, na uso ulikuwa umekunjwa. Vilisimama kwenye ukingo wa taya. Vikarudi. Vikasimama tena.

"Hapa hukupiga msasa," mzee alisema. "Na hii pembe umeiacha kali, itamkata mtu. Gundi imefurika huku chini, hukuifuta. Nani amekufundisha kuacha kazi namna hii?"

Pasi aliinama hadi sikioni kwake. "HAKUNA ALIYENIFUNDISHA!"

Hilo alilisikia. Aliacha mikono yake juu ya kibano. Mdomo wake ulitafuna kitu ambacho hakikuwemo.

"Hilo ni kweli," alisema mwishowe. Baada ya muda akaongeza, "Msasa uko kwenye droo ya chini. Kaa hapa."

Pasi alikuwa na msasa wake nyumbani. Alitaka kumwambia hivyo, na maneno mengine mengi aliyokuwa ameyatunza tangu siku ile ya randa, na aliyatunza yakiwa makali. Badala yake alikwenda akafungua droo ya chini, akachukua msasa, akaketi kwenye benchi kando ya baba yake na kusugua. Alisugua kwa hasira hadi vumbi likampanda puani. Kila baada ya muda mzee alinyoosha kidole, akagusa, akasema, "Bado." Pasi akasugua. "Bado." Wifi akarudi jikoni, chakula kilikuwa kinaungua.

"Sasa unaniua," Pasi alisema.

"Bado," mzee akasema.

Kaka alikuwa amesimama na kipande chake cha mti mgumu, anangoja. Alipomaliza ukingo, Pasi alimnyang'anya penseli sikioni, akaweka alama moja kando kidogo ya kitovu, akamrudishia bila kumtazama. "Hapo. Na ugundishe tabaka mbili, nyuzi zipishane." Kisha akachukua kibano chake akaenda zake.

Kaka yake alitengeneza cha kwake, nacho kilibana. Ile siku haikuwafanya ndugu hawa kuwa chanda na pete. Kuna sherehe moja ya watoto Pasi alikataa kwenda kwa sababu kaka atakuwepo, na nyingine alikwenda, akakaa upande wa pili wa chumba. Jumamosi alizoweza, alipeleka bandani kitu alichotengeneza, mzee akakipapasa akapata kosa, wakagombana kwa sauti za juu, akarudi nyumbani amevimba. Mumewe alijua asimguse hadi amalize kikombe cha kwanza cha chai.

Mzee hakuwa na kumbukumbu ya kutegemewa tena. Wageni wakija alikuwa anataka waonyeshwe kibano cha bandani, na kuna siku alisema kimebuniwa na mtoto wake wa kiume, na kuna siku alisema watoto wake. Kama Pasi yupo, na akasikia jambo hilo limekosewa, hakuliacha lipite. Alimsahihisha pale pale, mbele ya mgeni, kwa sauti ambayo fundi baiskeli aliitikia.